Mji haukupotea, jamani

Nimerudi Amu, yaani Lamu, kutoka Gede na hasira zangu. Nilikuwa Malindi kwa harusi, nikasema nimpeleke binti wa kaka yangu akaone magofu ya mji huo wa kale. Hatujafika hata msikitini, mtembezaji akainua mikono: "Karibuni kwenye mji wa ajabu uliopotea! Hadi leo hakuna ajuaye siri yake." Watalii wakatoa simu.

Ulipotea kwa nani? Wagiriama wa pale waliujua, wakajua na kwamba una wenyewe. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 hakuuopoa baharini.

Basi tukaingia, na kila nilichoambiwa ni fumbo nilikiacha mtaani kwetu Mkomani, Amu, juzi yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, maana boriti ya mkoko ina kikomo chake na fundi hawezi kuivuta. Choo cha shimo, na ubavuni mahali pa kutawadhia. Msikitini, kisima na birika. Bibi yangu angeingia mle usiku bila taa na asijikwae. Ajabu iko wapi?

Halafu majina. Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Kauri. Kilichookotwa ndani ndicho kilichoipa nyumba jina. Haya, wenyewe hawakuacha hati mlangoni, mchimbaji angefanyaje? Lakini hebu fikiria ukoo wako mzima, ndoa, ugomvi na maulidi yake, baada ya miaka mia sita uitwe Nyumba ya Rimoti.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuhama kwao karne ya 17 kuna mjadala: visima kukauka, mashambulizi ya Wazimba, ya Waoromo, kila mtaalamu na lake. Hilo ni swali, si uchawi. Pale pale kuna kaburi lililochorwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Siri gani hiyo yenye tarehe?

(Kima nao wana adabu zao. Mmoja alininyang'anya ndizi, akakaa ukutani akaimenya akinitazama kama mwenye nyumba.)

UNESCO ilituandika Lamu mwaka 2001, Gede 2024. Hata kwenye makaratasi sasa ni ndugu, ila ndugu mmoja anaonyeshwa kama jini.

Tulipofika kwenye nyumba moja nyuma ya kasri, mtoto akaiweka chupa yake ya juisi ndani ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani, bila hata kuangalia. Mtembezaji akamkemea: hapaguswi! Mtoto akashangaa.

"Kwa bibi huwa tunaweka hapo."

"Kwa bibi wapi?"

"Amu."

Yule bwana akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu langoni akashusha sauti, akaniuliza: "Dada, kwani kwenu kwenye vidaka mnaweka nini?"