Epoksi au poliurethani? Tazama kwanza jua linapopiga

Chuma cha pwani hakina raha. Chumvi ya bahari na unyevu havikipi nafasi ya kukauka, na rangi ya kawaida ikishapasuka kidogo tu, kutu hupenya chini yake na kuibandua. Ndiyo maana wenye maghala, boti na karakana kutoka Mombasa hadi Mtwara huambiwa na wauzaji wanunue rangi za makopo mawili, zile zinazochanganywa na hadina, yaani kemikali ya kuifanya rangi iwe ngumu. Ubishi huanzia hapo: epoksi au poliurethani?

Wanaoitetea epoksi wana hoja nzito. Hushika chuma na zege kwa nguvu, na huvumilia dizeli, oili na kemikali nyingi zinazomwagika sakafuni. Lakini haivumilii jua. Miale ya jua huvunja resini ya juu, yaani gundi inayoshikilia rangi, mng'ao hupotea, kisha ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa chaki. Epoksi iliyoko ndani ya ghala haina shida hiyo. Ya juu ya paa inayo.

Poliurethani, kemia iliyoanzia kwa Otto Bayer huko Ujerumani mwaka 1937, ndiyo inayoziba pengo hilo, hasa aina ya alifatiki, ambayo hutunza rangi na mng'ao juani kwa miaka. Nayo ina udhaifu wake: kabla haijakauka haipatani na maji. Hadina yake ikikutana na unyevu hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na rangi huota vipovu. Mafundi wa meli hawapaki chuma ambacho joto lake halijazidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuwa matone, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi. Asubuhi ya masika, hilo peke yake laweza kuahirisha kazi.

Kwenye madaraja na meli ubishi huu ulikwisha zamani: epoksi chini, poliurethani juu. Naukubali uamuzi huo kwa kazi kubwa, kwa sharti moja, kwamba chuma kisafishwe kwanza hadi king'ae. Rangi ghali juu ya kutu ni hasara tupu, na hapo ndipo wateja wengi hubana matumizi.

Kwa geti la nyumbani siko upande wa wauzaji. Hadina ya poliurethani ina aisosianati, kemikali inayodhuru mapafu, na ikipuliziwa hewani huweza kumpa fundi pumu ya kudumu. Akishadhurika, hata kiasi kidogo sana humbana kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Epoksi nayo huwasha ngozi, ila glovu husaidia sana. Ikiwa fundi hana kinga ya kweli ya kupumua na watoto wanacheza uani, nachagua praima ya kuzuia kutu na rangi nzuri ya mafuta, ipakwe kwa brashi. Itabidi kurudia mapema zaidi, na gharama hiyo naona ni halali kabisa.