Tripodi ya Picha za Chini Haihitaji Nguzo ya Katikati

Kila mwongozo wa kununua tripodi unaanza na swali lilelile: inafika juu kiasi gani? Kwa anayepiga picha za uyoga, jongoo na maua yanayotambaa, hilo si swali. Sisi tunataka kujua inashuka hadi wapi, na ikishashuka, inatulia? Kwenye boksi kimo cha juu kimeandikwa kwa herufi kubwa, lakini kimo cha chini kabisa kimetupwa mstari wa mwisho, au hakipo. Hili linaniudhi sana, kwa sababu watu wananunua kitu kisichowafaa, kisha wanaambiwa kosa ni la mikono yao.

Tatizo ni nguzo ya katikati, ile fimbo inayopanda na kushuka kati ya miguu mitatu na kubeba kamera. Chukua tripodi ya kawaida, tanua miguu hadi mwisho wake. Nguzo ya sentimita 30 inagota ardhini kabla miguu haijalala. Juu yake weka kichwa, yaani kile kishikio kinachoielekeza kamera, cha sentimita 10, kisha kamera yenyewe. Uyoga wenye kimo cha sentimita 5 utaupiga kutoka juu, uone kofia tu, na ile mikunjo ya chini ya kofia, ambayo ndiyo uliyoifuata, usiione kabisa.

Dawa zinazopendekezwa ni tatu. Ya kwanza, geuza nguzo juu chini: kamera inaning'inia katikati ya miguu, vitufe viko upande usiouzoea, na daima kuna mguu mmoja unaokuzuia mkono au unaokata mwanga. Ya pili, nguzo inayolazwa: inakushusha kweli, lakini mzigo umeuweka mwishoni mwa mkono mrefu, na kila shata (pazia linalofunguka kupiga picha) inapopiga unachezacheza kama ufito wa mvuvi. Ya tatu, nguzo inayokatika vipande viwili. Hii naikubali, mradi kipande kinachobaki kiwe cha sentimita chache tu na kikazwe kwa skrubu ya chuma.

Bado iliyo bora ni tripodi isiyo na nguzo kabisa, ambayo kichwa kinakaa moja kwa moja kwenye bega, pale miguu inapokutana, kwa skrubu ya inchi 3/8. Piga hesabu. Mguu uliokunjwa wa vipande vitatu una kama sentimita 60. Utanue hadi nyuzi 80 kutoka wima, bega linabaki sentimita 10 hivi kutoka ardhini. Kichwa cha gololi, kinachozunguka juu ya mpira, cha kawaida kinaongeza 10 nyingine, kwa hiyo chagua kifupi. Ikibidi kushuka zaidi, laza shingo ya kichwa ndani ya ule mwanya wake wa pembeni, kamera ikae ubavuni mwa gololi badala ya juu yake. Ukiwa na lenzi yenye kola (pete inayoifunga lenzi kwenye tripodi), izungushe ndani ya kola na picha ya mlalo unaipata palepale.

Kwa nini nasisitiza utulivu kiasi hiki? Kwa ukuzaji wa 1:1, mdudu anaangukia kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachonasa picha, kwa ukubwa wake halisi. Sensa ya upana wa milimita 36 yenye pikseli 6,000 kwa upana huo ina pikseli za milimita 0.006. Kamera ikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita, picha imesogea kama pikseli 17. Kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi) eneo lililo kali, mbele hadi nyuma, ni kama milimita moja tu. Na chini ya miti, kwenye kivuli, utajikuta kwenye kasi za kati ya 1/30 na 1/4 ya sekunde, zilezile ambazo mtetemo wa kioo cha ndani ya kamera (kwa iliyo nacho) na wa pazia la shata huonekana zaidi.

Nguzo ina faida yake: kipepeo akitua kwenye ua lililo kiunoni, unapandisha kamera sentimita mbili bila kugusa miguu. Sawa. Lakini hiyo si kazi ya picha za chini.

Kaboni au aluminiamu? Kaboni ni nyepesi na huzima mtetemo haraka, aluminiamu huvumilia kugongwa. Kinachoamua zaidi ni unene: bomba la juu la mguu milimita 28 au zaidi, la mwisho lisipungue 20. Uzito wa mzigo ulioandikwa kwenye boksi usiutegemee, kila kiwanda kinapima kwa njia yake.

Kabla ya kununua, ishushe hadi chini kabisa, weka kamera yako na lenzi ya makro (ya picha za karibu sana), kuza skrini mara 10, kisha gonga mguu kwa kidole. Picha isipotulia ndani ya sekunde mbili, iache hapohapo. Kaza kichwa, achia, tazama fremu: ikilegea na kushuka, kichwa hicho hakifai kwa makro.

Kwenye nyasi, usielekeze mguu mmoja chini ya lenzi kama ulivyofundishwa. Utagusa shina na ua litatikisika. Weka miwili mbele, mmoja kila upande wa unachopiga, wa tatu nyuma. Miguu ikiwa imetanuka hivyo, kamera haianguki.

Ukimaliza, fungua vifungio vya kuzungusha, suuza kwa maji safi, acha miguu ikauke ikiwa imevutwa, ndipo uikunje. Mchanga ukibaki kwenye nyuzi za kifungio, hakikazi vizuri, na mguu unazama taratibu katikati ya picha ya sekunde mbili.