Gari Likigoma Kuwaka, Mtaa Mzima Mafundi

Mimi nimeshachoka na wataalamu wa Mbagala hii. Gari langu likitoa tu ile sauti yake, nyoo... nyoo... nyoo... halafu kimya, ni kama nimepiga kengele ya msosi. Muuza genge anaziacha nyanya zake, dogo wa bodaboda anashuka, wazee wanaacha bao katikati. Na kila mmoja anakuja na jibu lake, swali lenyewe hajalisikia.

"Plagi hizo," anasema dogo wa bodaboda.

Plagi! Jamani, injini haijazunguka raundi moja ya maana, plagi zimeingiaje? Injini ikizunguka vizuri, kwa kasi yake, halafu isishike, hapo sawa, tukazilaumu plagi, koili, pampu ya mafuta. Tena uangalie geji kwanza, maana wapo wanaoita fundi kumbe tenki kavu. Siwataji, mmoja ni shemeji yangu. Lakini injini ikijivuta, au isipozunguka kabisa, hiyo kesi ya umeme: betri, nyaya, au stata, ile mota inayoizungusha injini iwake. Kila siku nalisema hilo. Nani anasikia?

Muuza genge dawa yake moja tu: "Tusukume!" Nimemwambia mara ngapi gari ni otomatiki! Otomatiki ya namna hii hata mkiisukuma hadi Rangi Tatu haiwaki, mtakuwa mmeihamisha tu. Ananijibu, "Twende hivyo hivyo bosi, tujaribu." Wakishalisogeza mpaka kwenye mwembe, wanataka hela ya soda.

Lakini anayenimaliza kabisa ni jirani yangu mwenye nyaya za kubusti, zile za kuazima umeme wa betri ya gari jingine. "Betri imekufa hiyo bosi, kanunue." Betri bado mpya, kibandiko cha dukani hata hakijachubuka! Nikachukua mita yangu, nikampimia mbele ya macho yake: volti 12.6. Betri ya volti 12 ikifika hapo imeshiba. Injini ikiwaka, alteneta inayoichaji inasoma 14 na ushee. Sasa maiti gani huyo? "Mita inadanganya," akasema. Akasogeza gari lake, nyekundu akaibana kwenye chanya, nyeusi akaibana kwenye chuma cha injini yangu, maana ndivyo inavyotakiwa, cheche zisirukie karibu na betri. Nikapiga stata. Gari likawaka hapo hapo.

"Umeona? Betri!"

Mtaa mzima makofi. Mwenye mita nimenyamaza.

Akaja mwingine na nyundo. Hakuuliza kitu, akaingia chini ya gari akaanza kuigonga stata. Ni kweli, zipo stata zinazoamka kwa kugongwa: kaboni zake za ndani zinazopitisha umeme zikiisha zinagusa kwa shida, ukigonga zinagusa, unapata siku mbili tatu za kutembelea. Lakini yangu inazunguka! Kivivu, ndiyo, ila inazunguka. Wapi. Kashaanza kunipangia safari ya Gerezani, kule kwenye spea za magari, kutafuta stata ya mtumba, na nauli yake kaiweka humo humo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme. Nikampa shikamoo, nikaanza kumsimulia tangu mwanzo, akainua kiganja. "Mwanangu, nyamaza. Piga stata nisikie."

Nyoo... nyoo...

Akaniambia niwashe taa kubwa, nipige tena. Taa hazikuyumba sana. Akaguna. Stata hata ya kigari kidogo cha petroli inakunywa zaidi ya ampea 100. Betri ikiwa hoi, taa zinafifia mpaka unazionea huruma. Zangu zinawaka tu. Mzee akaanza kushika nyaya kwa vidole, mmoja mmoja, akafika kwenye ule mweusi mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini, akachomoa mkono upesi. Waya unaunguza!

"Ethi," akasema. Yaani waya wa kurudishia umeme kwenye hasi ya betri.

Akaomba mita, ile ile inayodanganya. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. "Piga." Ikasoma volti 2. Hapo haitakiwi kuzidi hata nusu! Yaani volti mbili nzima zinaishia kwenye waya kabla hazijafanya kazi yoyote. Akafungua bolti: chini yake ukungu wa kijani, na nyuzi za shaba nusu zimeshakatika.

"Ndiyo maana wakikubusti linawaka," akaniambia. "Ile nyeusi yao wakiibana kwenye injini, inakuwa ndiyo ethi yako."

Waya mpya, msasa kidogo, spana, basi. Nimegusa ufunguo tu, gari linanguruma.

Sasa mnadhani mtaa ulikubali? Dogo wa bodaboda: "Si nilisema? Kwani plagi si umeme?" Yule wa nyundo anadai stata iliitikia kipigo chake, ilichelewa tu. Jirani wa nyaya anasema waya si unaanzia kwenye betri? Basi ilikuwa betri. Na muuza genge bado ananidai soda.

Ila mita yangu sasa haishindi nyumbani. Wote waliosema inadanganya wanaiazima. Jirani wa nyaya ndiye aliyekaa nayo sana, kapima redio, kapima soketi, kapima rimoti za watu. Jana kairudisha. Naiwasha, kioo cheupe, hata namba haileti. Kumbe aliiacha inawaka usiku kucha. Nikamwita, jirani, vipi tena hii?

Kaichukua, kaigeuza, kaitikisa sikioni.

"Betri imekufa hiyo bosi, kanunue."