Mtulinga uliogoma kuunga: kisu ni cha nani?

Kwa muda mrefu mtulinga (mfupa unaounganisha bega na kifua) uliovunjika haukumnyima daktari usingizi. Mkono uliningʼinizwa kwa kitambaa shingoni, mgonjwa akaambiwa asubiri. Mwaka 1960 Charles Neer wa Marekani aliripoti kwamba kati ya wagonjwa zaidi ya 2,200 waliotibiwa bila kupasuliwa, mfupa ulikataa kuunga kwa watatu tu. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2007, ulioangalia watu wazima ambao vipande vya mfupa vilikuwa vimeachana kabisa, ulitoa picha nyingine: mfupa haukuunga kwa 7 kati ya 49 waliotibiwa kwa kitambaa, na kwa 2 kati ya 62 waliowekewa chuma.

Wanaotaka kila mtu apasuliwe mapema huzishika sana namba hizo. Lakini zigeuze uone: ili kumwokoa mmoja, inabidi upasue takriban tisa, na wengi wao wangepona bila kuguswa. Ndiyo maana kwangu swali zito linakuja baadaye, miezi sita ikishapita na mfupa bado haujashikana.

Hapo hoja ya upasuaji ina nguvu kweli. Mgonjwa anayesikia vipande vikisuguana kila anapoinua mkono, asiyeweza kulalia bega hilo, hatasaidiwa na subira. Daktari huondoa nyama ya kovu iliyojaa katikati, hutoboa njia ya uboho hadi damu ianze kutoka, hurudisha urefu wa mfupa, kisha hufunga bamba la chuma kwa skrubu, kwa kawaida zisizopungua tatu kila upande. Ncha za mfupa zikiwa zimekonda na kufa, huongezwa mfupa uliochotwa nyongani. Zikiwa zimevimba, maana yake damu ipo na kinachokosekana ni utulivu. Bamba imara huweza kutosha. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi huunga.

Gharama yake haitajwi vya kutosha. Ganzi chini ya kovu ni ya kawaida, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu hupita juu ya mfupa huo. Ngozi pale ni nyembamba, chuma husukuma nje, na wengine hurudi chumba cha upasuaji kukitoa. Nyonga iliyochotwa mfupa huweza kuuma kuliko bega lenyewe. Na chini ya mtulinga kuna mishipa mikubwa ya damu, mishipa ya fahamu ya mkono na ncha ya pafu. Keekee ikipitiliza kidogo tu, ni balaa.

Ndiyo maana sikubaliani na kupasua kwa sababu tu picha ya eksirei ni mbaya. Wapo watu ambao mtulinga wao haujaunga, hawana maumivu, wanafanya kazi zao zote. Hao waachwe. Kusubiri nako kuna bei, kwani anayetengenezwa kwa kuchelewa huweza kubaki na bega linalochoka upesi kidogo, ila tofauti hiyo ni ndogo, haitoshi kumtisha mtu asiyeumwa.

Kwa anayeumwa, kabla ya tarehe ya upasuaji ningetaka kujua kwanza kwa nini mfupa uligoma. Je, anavuta sigara? Kuna maambukizi yaliyojificha, hasa kama alishawahi kupasuliwa hapo? Sampuli zichukuliwe na kuoteshwa maabara, kwa sababu bamba jipya juu ya vijidudu litalegea kama la kwanza.