Paneli Zimefika Uyole, Sasa Ziwekwe Wapi?

Wiki iliyopita nilikaa kwenye daladala pale Uyole karibu saa nzima nikitazama mgongo wa semitrela. Lilikuwa limekata kona kuingia uchochoro unaokwenda saiti, tairi za nyuma zikazama kwenye tope, na kichwa kikabaki kimeziba barabara. Limebeba paneli, yaani kuta za zege zilizotengenezwa tayari, kutoka Dar. Zimepanda Kitonga salama, zikapita Mafinga, Makambako, Igawa, zaidi ya kilomita 800. Zikaja kushindwa na mita hamsini za mwisho.

Nikashuka. Pale saiti nilimkuta kijana niliyewahi kufanya naye kazi, ndiye msimamizi. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, ramani ya saiti iko wapi?" Akanikunjulia ramani ya jengo. Nzuri, ina rangi na miti. Nikamwambia hiyo ni ya jengo likishakwisha. Nataka inayoonyesha kreni inasimama wapi, gari linaingilia wapi na kutokea wapi, kuta zinashushwa wapi. "Hiyo mkubwa tunaipanga hapa hapa, tunaangalia hali."

Hali yenyewe ni Desemba, Mbeya. Ndaga fijo, kwa Kinyakyusa asante sana.

Mtu aliyezoea tofali anaweza kujenga kwa kuangalia hali. Tofali likishushwa mahali pabaya, vijana wawili na toroli wanalihamisha. Ukuta wa mita sita kwa tatu, unene sentimita 15, una karibu tani sita na nusu. Huo hauhamishwi na toroli. Ulipoushusha ndipo utakapokaa mpaka kreni irudi, na kreni inalipwa kwa saa, iwe imenyanyua au dereva amekwenda kula chipsi.

Kreni sasa. Watu wakisikia "kreni ya tani 25" wanadhani inanyanyua tani 25 popote mkono wake unapofika. Haiko hivyo! Hizo 25 ni mzigo ukiwa karibu kabisa na mwili wake. Kila unavyounyoosha mkono, uwezo unashuka, na unashuka vibaya. Pale Uyole waliisimamisha kwenye kona ya geti, kwa sababu ndipo pakavu. Ukuta wa nyuma uko mita 18 kutoka hapo. Jedwali limebandikwa ndani ya kabini, lisomeni jamani: kwa umbali huo haifiki hata tani tatu. Kwa hiyo ilibidi isogezwe katikati ya kiwanja, na katikati walishamwaga jamvi, lile zege la sakafu. Wakaizungusha nyuma, kwenye udongo uliochimbwa juzi kwa ajili ya shimo la choo. Mguu mmoja wa kreni ukaanza kudidimia ukuta ukiwa hewani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara, na hata hivyo nilirudi nyuma.

Haya yote yangeonekana kwenye karatasi moja na bikari. Chora duara la mkono wa kreni, andika uzito wa kipande kizito kuliko vyote, utazame kama vinakubaliana. Kisha mwaga moramu na ushindilie pale miguu itakapokaa, kabla mvua ya Novemba haijaanza. Jamvi lisubiri.

Mpangilio wa kushusha nao ni kichekesho: ukuta wa kwanza kusimamishwa ulikuwa chini ya wenzake watatu, zimelazwa juu ya vipande vya mbao ambavyo havikulingana. Mmoja umeshapata ufa. Kuta zikisubiri kunyanyuliwa huwekwa wima kwenye fremu, mizigo ilingane pande zote mbili. Choo cha mafundi sisemi, hakipo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kiwanja ni finyu na kina mteremko, na kwamba ujenzi huu ukipangwa vizuri unakwenda haraka kuliko tofali zetu za kuchoma, ambazo zimetumalizia miti. Ndiyo maana nakasirika. Mama mmoja jirani amekodisha shamba lake la viazi ili magari yapate pa kugeuzia, viazi vikiwa bado ardhini. Kwa bei gani sijui, ila nilimkuta anavifukua kwa jembe mbele ya tairi.

Kabla sijaondoka nilimwuliza kijana dari zinakuja lini. Jumanne. Zitashushwa wapi?

"Zikifika tutajua, mkubwa."