Kilo 15 za mfuko wa dharura: hesabu ya marubani wa Luano

Hapa Lubumbashi, ukiwauliza watu wa ndege ndogo kama rubani wao amefunzwa namna ya kuishi porini baada ya ajali, jibu la kwanza ni kwamba usilete uchuro. Ndege haijaanguka, wewe tayari unazungumzia kuanguka. Uchuro tuuweke kando, maana mjadala wenyewe ni wa pesa na kilo. Mwenye ndege akibakiwa na dola kidogo mwisho wa mwezi, azitie wapi: kwenye mafunzo ya porini na mfuko wa dharura, au kwenye injini?

Wako wanaotaka kila rubani anayeruka kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, kwenda Pweto, Manono, Moba au Kalemie alale porini siku kadhaa na mwalimu, ajue kuwasha moto, kutafuta maji na kufunga jeraha, halafu abebe mfuko kamili kila safari. Wako wanaosema hayo ni mapambo. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na niseme mapema kwamba hoja za hao wa pili ni nzito kuliko watu wa usalama wanavyopenda kukiri.

Tazama ajali zetu wenyewe. Tarehe 1 Septemba 2008, Beechcraft 1900 iliyokuwa ikikaribia kutua uwanja wa Kavumu iligonga mlima karibu na Bukavu. Watu wote 17 walikufa. Tarehe 25 Agosti 2010, L-410 ilianguka Bandundu, wakafa 20 kati ya 21. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 iliangukia nyumba za watu Goma, muda mfupi tu baada ya kuruka. Katika yote hayo, kiberiti na bandeji havingepunguza idadi ya majeneza. Mashirika yote ya ndege yaliyopewa leseni Kongo yamefungiwa anga ya Umoja wa Ulaya kwa miaka mingi, na hayakufungiwa kwa kukosa mifuko ya dharura. Yalifungiwa kwa sababu usimamizi wa ndege zenyewe hauaminiki. Kwa hiyo anayesema pesa iende kwanza kwa fundi, kwenye mizani ya mizigo, na kwenye mshahara wa rubani mwenye ubavu wa kukataa kuruka dhoruba ikitanda, hasemi upuuzi.

Kuna na suala la uzito. Cessna Caravan iliyojaa haivuki tani 4 hivi, na kila kilo ndani yake ina bei. Chukua abiria 9 na rubani, wape lita 2 za maji kila mmoja: hizo ni kilo 20 kabla hujagusa kitu kingine. Tujiulize kwa uaminifu, mwenye ndege akilazimishwa kubeba mfuko wa kilo 15, atashusha gunia la mfanyabiashara? Hashushi. Ataupandisha juu ya uzito uliokwisha kupita kiasi, na mfuko uliokusudiwa kuokoa watu utachangia kuiangusha ndege. Sijasikia mtu wa upande wa mifuko akilijibu hili vizuri.

Hata hivyo ile hoja ya ajali inachanganya aina mbili za ajali. Kugonga mlima kwa kasi ya safari ni jambo moja, na kutua kwa lazima baada ya injini kuzima ni jambo jingine. Sheria za Marekani za kutengeneza ndege ndogo za injini moja zilitaka, kwa miaka mingi, ziweze kubaki hewani hata kasi ikishuka hadi noti 61, yaani kilomita 113 kwa saa, ili injini ikifa rubani aishushe taratibu. Nguvu ya mgongano hupanda kwa mraba wa kasi, kwa maana kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, pigo linaongezeka mara nne. Ndiyo maana Caravan iliyozimika juu ya Katanga, ikipata mbuga ya nyasi katikati ya miombo, inaweza kuvunjika mabawa na watu wakatoka hai, mmoja amevunjika mguu, mwingine anavuja damu. Kuanzia hapo ndipo saa zinahesabika, na ndipo swali la mafunzo linaanza kuwa na maana.

Na saa hizo huwa nyingi, hata karibu na mji. Mfano ulio karibu nasi kabisa ni wa usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961. DC-6 ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa inatoka Léopoldville (Kinshasa ya leo) kwenda Ndola, katika Zambia ya leo, kwa mazungumzo na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, kuhusu vita vya hapa Katanga. Ilianguka msituni kilomita 15 hivi kutoka uwanja wa Ndola. Nani aliiangusha, au kama iliangushwa, watu wanabishana mpaka leo, na mimi siingii huko. Kinachonihusu ni kwamba kati ya watu 16, mlinzi mmoja, Harold Julien, alitoka hai akiwa ameungua. Mabaki yalifikiwa rasmi saa tisa alasiri ya tarehe 18. Mtu aliyeungua alilala kwenye jua la Septemba, umbali ambao baiskeli ingeumaliza kwa saa moja au mbili, huku uwanja ukisubiri. Alifariki hospitali tarehe 23. Wachoma makala, yaani mkaa, wa maeneo yale walieleza baadaye kwamba wao waliyaona mabaki tangu asubuhi.

Hao wachoma makala wakumbukwe, nitawarudia.

Sasa tuuangalie mfuko wenyewe. Mmoja nimeuona ukifunguliwa kwenye hanga. Mwenye ndege nisimtaje. Ulikuwa umefungwa mkiani, nyuma ya neti ya mizigo, na ilibidi kwanza zishushwe katoni za sabuni ili ufikiwe. Ndani: bandeji zilizogeuka rangi ya chai, vidonge vya kusafisha maji vilivyopitwa na tarehe, tochi ambayo betri zake zimetoa unga mweupe na kula chemchemi, filimbi nzima kabisa, na kikopo cha ndoana za kuvulia samaki. Kijana mmoja aliuliza ndoana ni za nini. Mekanisie, mtu mzima, akamjibu bila kuinua kichwa: "Papa, ile sakoshi ni ya inspekta, haiko ya porini."

Ndoana hizo zina asili yake. Orodha nyingi za mifuko hii zinafanana na zile za Alaska, ambako sheria ya jimbo kwa miaka mingi ilimtaka rubani awe na chakula cha wiki moja kwa kila aliye ndani, shoka, kisu, vifaa vya kuvua, chandarua cha kichwa, na wakati wa baridi viatu vya kutembelea thelujini. Kule ina mantiki. Hapa chakula ndicho cha mwisho kuhangaikia: mtu mzima hukaa wiki kadhaa bila kula, ila bila maji, kwenye joto la Oktoba, siku tatu ni nyingi. Na aliyevunjika paja na kukatika mshipa mkubwa hana hata siku; ana dakika chache. Mkanda wa kubana damu, wa gramu chache tu, una thamani kuliko wiki nzima ya biskuti.

Mafunzo ya kununua nje yana tatizo hilohilo. Yanakufundisha kuwasha mioto mitatu ili moshi uonekane kutoka angani. Agosti na Septemba, nchi nzima kuanzia Kundelungu hadi Upemba inawaka, kwa sababu watu wanachoma nyasi. Moshi wako nani ataugundua kati ya mamia? Tena unawasha moto kwenye nyasi kavu, kando ya bawa linalovuja mafuta. Yanakufundisha bastola ya kurusha fataki za mwanga. Jaribu kuieleza kwa askari kwenye barieri. Na katika ile pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto, ambayo watu waliiita pembetatu ya kifo kwa miaka ya wapiganaji wa Mai-Mai, kujitangaza kwa fataki usiku kunaweza kuwaleta wasioalikwa. Kioo kidogo cha kumulika jua hakina kesi na askari, hakiharibiki, hakiwashi pori, nacho huonekana kilomita nyingi. Baridi nayo hatuipi uzito: usiku wa Juni na Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 6 au 7 hapa Lubumbashi, na majeruhi aliyepoteza damu hufa kwa baridi ambayo mtu asiyeumia angeivumilia kwa koti. Blanketi ya karatasi inayong'aa haifiki gramu 100.

Liko pia swali linalowagawa hata walimu wenyewe: ubaki kwenye mabaki au utembee? Kanuni ya vitabu ni kubaki, kwa kuwa ndege huonekana kirahisi kuliko mtu. Lakini manusura wa ajali mbili zinazotajwa sana walitembea. Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17, alianguka na ndege ya LANSA juu ya msitu wa Peru tarehe 24 Desemba 1971, akafuata kijito siku kumi hadi akafikia kibanda cha wakata miti. Mwaka 2023 huko Kolombia, watoto wanne waliopotelewa na mama yao na watu wazima wengine katika ajali ya Cessna 206 ya tarehe 1 Mei walipatikana hai tarehe 9 Juni, baada ya siku 40. Watu wa upande wa mafunzo wanaipenda sana mifano hii, na wana haki: Koepcke alikulia kwa wazazi watafiti wa msitu, na wale watoto walikuwa wa jamii ya Wahuitoto, waliojua tunda lipi linaliwa, na walianza na unga wa muhogo waliouokota ndegeni. Lakini ukiisoma vizuri, mifano hiyo inasema pia kinyume chake. Ndege ya Kolombia ilipatikana wiki mbili na kitu baada ya ajali, watoto wakiwa wameshaondoka, na jeshi likawasaka wiki tatu zaidi katika eneo la kilomita chache. Na elimu iliyowaweka hai haikutoka kwenye kozi ya siku tano. Ilitoka kwa bibi na wazazi.

Rubani wetu mzaliwa wa mitaa ya Kenya au Kampemba hapa mjini, aliyekulia lami na kusomea urubani nje, hana bibi huyo. Hawezi kutofautisha uyoga wa mboga na ule wa kuua, na hakuna mwalimu atakayemfundisha hilo kwa wiki moja bila kumhatarisha. Kwa miombo yetu, ambayo wakati wa kiangazi hupukutisha majani na kuacha ardhi wazi, mimi niko na vitabu: baki, ila sogea mbali na mafuta. Maniema, chini ya paa la msitu usiopitisha jua, ningefikiri mara mbili.

Nikiulizwa pesa iende wapi, injini kwanza. Hapo wapinzani wameshinda. Lakini kinachofuata ni kufupisha msako, si kurefusha uhai porini. Tangu 1 Februari 2009 setilaiti haziyasikilizi tena masafa ya megahezi 121.5, na balizi ya zamani (kifaa cha kutuma ishara ya dharura) iliyobaki ndegeni ni pambo kweli. Ya 406 husikika, mradi iwe imesajiliwa, na antena yake isikatike katika kishindo, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watengenezaji wanavyotangaza. Ndiyo maana rubani anahitaji ya kwake mfukoni, ya gramu 200 hivi na dola mia chache. Namaanisha mfukoni kabisa, kwenye fulana aliyoivaa, pamoja na mkanda wa damu, kioo na kisu. Novemba 2025, Embraer iliyombeba waziri wa madini ilitoka nje ya njia ya kutua huko Kolwezi na kuwaka moto. Watu wote walitoka salama. Mfuko uliofungwa mkiani katika ajali ya namna ile unaungua na mkia. Fulana na vilivyomo havifiki kilo 2, kwa hiyo hata ile hoja ya uzito inakosa pa kushika. Mafunzo? Siku mbili zinatosha: kuzuia damu, kutoa watu ndegeni gizani, kutumia balizi, na siku moja porini na watu wa porini wenyewe, wachoma makala na warina asali, ambao watalipwa kama walimu wengine. Hao ndio watakaofika kwenye mabaki kabla ya helikopta yoyote.

Linabaki la mwisho, na halihitaji mafunzo hata kidogo. Kanuni za kimataifa zinataka wasiwasi uanze nusu saa baada ya ndege kukosa kusikika ilipopaswa. Kwenye kiwanja cha udongo kisicho na mnara, anayejua kama ndege imefika au haijafika ni yule anayesubiri mizigo na pikipiki yake chini ya mti. Mara nyingi hana namba ya mtu wa Luano, au anayo na hana uniti. Akiona kimya anadhani safari imeahirishwa, anarudi nyumbani. Huyo apewe namba mbili, apewe uniti za mwezi, na aambiwe saa kamili ya kupiga simu. Gharama yake ni ndogo kuliko kile kikopo cha ndoana.