Siku 14 za majaribio si faini

Akaunti binafsi za wasanidi programu zilizofunguliwa Google Play baada ya Novemba 13, 2023 haziruhusiwi kuachia programu kwa umma moja kwa moja. Kwanza wapatikane wajaribuji wasiopungua 12, wajiunge na majaribio yaliyofungwa (yaani ya walioalikwa tu), na wabaki humo siku 14 mfululizo. Awali walitakiwa 20. Idadi ilipunguzwa Desemba 2024. Akaunti za kampuni hazibanwi na sharti hili.

Wapo wanaoliona kama faini, wakalipia wajaribuji wa kukodi mtandaoni ili siku zipite. Hapo wanajipunja wenyewe. Toleo la kwanza kabisa haliwezi kusambazwa kidogokidogo kwa asilimia ya watumiaji, kwani njia hiyo ni ya masasisho tu. Kosa lililopenya litamfikia kila atakayepakua.

Tafuta watu 18 au 20. Ukiwa na 12 kamili na mmoja akajitoa siku ya tisa, umebaki na 11, na utakayemwingiza badala yake anaanza kuhesabiwa siku ya kwanza.

Usumbufu mkubwa huwa kwenye linki ya kujiunga na majaribio. Mtu anaibonyeza, anaambiwa ukurasa haupo. Mara nyingi barua pepe aliyokupa siyo inayotumika kwenye Play Store ya simu yake. Mwambie afungue Play Store, abonyeze picha ya wasifu juu kulia, akutumie anwani anayoiona pale. Kagua pia orodha ya nchi: ukichagua Tanzania pekee, aliye Mombasa hataipata. Na kuwemo kwenye orodha ya wajaribuji hakutoshi. Lazima akubali mwenyewe kuwa mjaribuji, ndipo apakue.

Wakishaingia, wape kazi. "Ijaribu uniambie" huzaa jibu moja tu: "iko poa." Mwombe mwenye simu ya RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 2 ajaze fomu ya oda, alipe kwa M-Pesa, atoke kwenda kusoma meseji ya malipo, kisha arudi. Kwenye simu kama hiyo Android huweza kuifunga programu iliyo nyuma ili kupata nafasi. Kama hukuhifadhi alichojaza, anakuta fomu tupu ilhali pesa imeshakatwa. Simu yako yenye RAM ya GB 8 inaweza isikuonyeshe hilo kamwe. Mwingine azime data katikati ya kujisajili. Mwingine akuze maandishi ya simu hadi mwisho, aone vitufe vinavyosukumwa nje ya skrini.

Kila kasoro iandike: aina ya simu, toleo la Android, alibonyeza nini, na umeirekebisha kwenye toleo lipi. Siku 14 zikitimia utaomba ruhusa ya kuachia programu, na Google itakuuliza wajaribuji walisema nini na wewe ulibadilisha nini. Aliyekodi watu hapa hukosa la kuandika. Ukaguzi wenyewe kwa kawaida huchukua hadi siku 7, pengine zaidi, kwa hiyo usimtangazie mteja kwamba uzinduzi ni siku ya 15.